Kitenzi "Get" na Mtego wa Neno "Pata"

Mwalimu mwanafunzi atakapoanza kufundisha Kiingereza katika shule ya msingi, hatakawia kukutana na kitenzi kifupi cha herufi tatu, "get". Ataambiwa kwamba maana yake ni kupata. Si uongo, lakini ni nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayowapoteza watoto.

Sisi wenyewe tulikwisha kukosea hapo. Katika kipindi kimoja tuliandika ubaoni maana nane za "get", tukawaamuru watoto wazinakili. Kesho yake tuliwapa sentensi hii: "It is getting dark." Wengi wakaandika, "Inapata giza." Maana nane zilikuwamo madaftarini, vichwani ilibaki moja, ile ya kwanza.

Yafaa tutazame sababu yake. Kiswahili aghalabu kina kitenzi mahususi cha kugeuka hali: kuchoka, kuzeeka, kulowa, kukasirika, kupona. Badiliko limo ndani ya kitenzi chenyewe. Mwingereza huchukua kivumishi akakitanguliza "get": get tired, get old, get wet, get angry, get well. Ndivyo ilivyo katika mwendo pia. Sisi twapanda basi na kushuka. Kwake ni "get on" na "get off". Kuamka ni "get up", kufika nyumbani ni "get home". Basi maana haikai katika "get" peke yake, bali huamuliwa na neno linalokifuata. Likifuata jina, mara nyingi ni kupata, kupokea au kuleta; likifuata kivumishi, ni kugeuka hali; likifuata neno la mahali, ni mwendo. Zipo sentensi zitakazokaidi kanuni hii, lakini si za kumwanzishia mtoto.

Mtego una upande wa pili, ambao walimu wengi hawautazami. "Pata" nalo ni neno lenye maana tele. Twasema mtu amepata ajali, na mtoto huandika "He got an accident", ilhali Mwingereza husema "He had an accident". Twasema pia kisu kinapata, yaani ni kikali. Hapo "get" haina nafasi kabisa.

Hatari yake huonekana baadaye. Katika Tanzania, mtoto atokaye shule ya msingi ya Kiswahili hukuta masomo mengi ya sekondari yakifundishwa kwa Kiingereza. Akisoma katika fizikia "When iron gets hot, it expands", naye anajua "pata" tu, atatafuta chuma kimepata kitu gani, na somo litampita.

Kwa hiyo tunashauri maana moja kwa kipindi kimoja, tena kwa vitendo. Chovya kitambaa majini mbele ya darasa, useme, "It is getting wet." Siku nyingine panga viti kama basi, watoto wapande na kushuka kwa amri za "Get on!" na "Get off!", bila neno la Kiswahili kutamkwa. Maana nyingine zingoje hadi zitokee katika kitabu cha kusoma. Katika kupima, tumezoea kutoa sentensi tano zenye "get", wala hakuna hata moja inayofasiriwa kwa "pata".