Jina Liandikwalo Usoni mwa Lori

Msafiri atokaye Gongo la Mboto kwenda Chanika, akiisha kuvipita vilima vya Pugu, hupishana na malori ya mchanga, ya matofali na ya magunia ya mkaa, na usoni mwa mengi husoma neno Isuzu, ambalo asili yake ni mto upitao penye hekalu la Ise huko Japani. Utingo na madereva hulitamka jina hilo mchana kutwa. Lakini wachache wamepata kuambiwa kwamba hapa Afrika Mashariki, kwa muda wa miaka arobaini, lilikuwa chini ya mlezi wa Kimarekani.

Mlezi huyo ni General Motors ya Detroit, sharika iliyokuwa na ada ya kuzaa wana katika nchi za watu. Mwaka 1925 iliinunua Vauxhall ya Uingereza, na kutoka humo, mwaka 1931, yakaanza malori ya Bedford ambayo wazee wetu waliyajua vyema. Kisha mwaka 1971 ikanunua asilimia 34.2 ya hisa za Isuzu. Hivyo ilipofanya ubia na serikali ya Kenya mwaka 1975, ikaanzisha General Motors Kenya, na magari yakaanza kutoka kiwandani Nairobi mwaka 1977, ilikuja na mikono miwili, mmoja wa Kiingereza na mmoja wa Kijapani.

Kiwanda hicho, insafu yataka isemwe, hakikuwa cha kuunda gari tangu chuma ghafi, bali cha kuunganisha. Injini na bamba za bodi huja zimefungwa makashani; mafundi wa Nairobi huzichomelea bamba zikawa kichwa cha lori, wakazipaka rangi, wakakiteremsha kichwa juu ya fremu yenye injini na magurudumu, ilhali betri, vioo, springi na viti vikinunuliwa kwa watengenezaji wa papo hapo. Wako wanaoidharau kazi hii. Mimi siidharau, kwa kuwa maarifa ya kuchomelea na kupaka rangi, yakishaingia mkononi mwa fundi, hayarudishwi Detroit wala Japani. Na kila kiwanda kidogo cha springi kilichopata mteja hapo kilipata riziki ambayo gari liletwalo zima melini halimpi mtu.

Chanika haikupata fungu katika neema hiyo, na sababu ni ya kuhuzunisha. Mwaka ule ule wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983, na soko moja ambalo lingekitosha kiwanda cha namna ile likagawanyika vipande. Baadaye, milango ya biashara ilipofunguliwa, watu wetu waliona wepesi kuagiza magari yaliyokwisha kutumika Japani, yakashushwa katika bandari ya Dar es Salaam. Na kwa njia hiyo Isuzu nyingi za Chanika zimefika pasipo kupita Nairobi abadan.

Huko Nairobi, mkono wa Kiingereza ulinyauka, maana General Motors iliacha kutengeneza malori ya Bedford mwaka 1986. Wa Kijapani ukanawiri: pikapu za KB, kisha TF, kisha D-Max, malori madogo ya jamii ya N na makubwa ya jamii ya F, na NQR, ambayo mafundi wa mabodi huijengea basi la abiria 33, ikawa matatu mashuhuri. La ajabu ni kwamba mwaka 2006 General Motors iliuza hisa zake za mwisho katika Isuzu, lakini kiwanda kikaendelea miaka kumi na mmoja zaidi kuunganisha Isuzu chini ya jina la Kimarekani. Hatimaye, mwaka 2017, Isuzu yenyewe ikanunua asilimia 57.7 iliyokuwa mkononi mwa General Motors, na kampuni ikaitwa Isuzu East Africa.