Nuru Inayojifanya Panya

Katika nyumba za Tongaren, ambako mahindi yakishavunwa na kupukuchuliwa hutiwa magunia hata ghala likajaa, paka aghalabu hafugwi kwa anasa bali huajiriwa, na ujira wake ni maziwa kidogo na idhini ya kulala karibu na jiko. Kwa hiyo mtu akisema kwamba ameketi jioni nzima akiunda chombo cha kumchezesha paka, majirani wana haki ya kumtazama kwa shaka. Lakini si kila paka wa zama hizi ana ghala. Yuko yule wa Kitale, afungiwaye chumba cha kupanga ghorofani tangu asubuhi hata magharibi, ambaye silika yake ya kuwinda haikupungua hata chembe kwa kukosa windo, naye huimalizia juu ya mapazia na visigino vya mwenye nyumba. Huyo ndiye aliyekusudiwa.

Vifaa vyenyewe si vya ghaibu: taa ndogo ya leza nyekundu, mota mbili za sevo zenye uzito wa gramu 9 kila moja, nyaya chache, chaja ya simu ya volti 5, na bodi ya Arduino, iliyobuniwa mjini Ivrea, Italia, mwaka 2005, ili wanafunzi wasio wahandisi nao waweze kuunda vyombo. Fundi wa Luthuli Avenue, Nairobi, anavijua vyote. Mota ya chini hugeuka kushoto na kulia, ya pili hubandikwa juu yake iinue na kuinamisha, na taa hufungwa kileleni. Bodi huziamuru kwa mapigo ya umeme yapatayo 50 kila sekunde, na urefu wa pigo ndio uamuao pembe: pigo la milisekunde 1.5 huiweka mota katikati, fupi zaidi huipeleka upande mmoja, refu zaidi upande wa pili. Mota zipewe njia yake ya umeme kutoka katika chaja, kwani zikinywa kupitia bodi na kujikaza kwa pamoja, bodi huzimika na kuanza upya.

Hayo ni mepesi. Ugumu umo katika mwendo, na hapo namkumbuka Richard Turere wa Kitengela, mpakani mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ambaye akiwa mtoto wa miaka 11 alitambua kwamba simba waliovamia ng'ombe wa baba yake hawakuogopa moto wala sanamu, bali waliogopa tochi iliyotembea mkononi mwa mtu. Akaunga betri kuukuu ya gari, kisanduku cha indiketa ya pikipiki, paneli ya jua na balbu za tochi, zikawa zinamweka kwa zamu kuzunguka zizi, simba akadhani kuna mlinzi anayezunguka. Mwaka 2013 aliieleza kazi hiyo mbele ya mkutano wa TED huko Marekani. Taa zake zilijifanya mtu; hii yetu haina budi kujifanya panya.

Na panya, yeyote aliyelala nyumba moja na mahindi anamfahamu. Hazunguki duara, kama inavyofanya programu ya mvivu, wala harukiruki ovyo pande zote kama inavyofanya programu ya bahati nasibu tupu. Huambaa na ukuta, husita, hutikisika kidogo mahali pale pale, kisha hukimbia mbali na adui, kamwe si kumwelekea, na kutoweka nyuma ya gunia. Kusita huko ndiko kunakomlaza paka tumbo chini na kumtikisa makalio. Macho yake hayaioni rangi nyekundu kama tuionavyo sisi. Anachokifuata ni mwendo wa nukta. Basi programu iandikiwe subira: sekunde moja, mara nyingine tano, nuru itulie mguuni pa kiti ndipo itoroke. Wala wazo lenyewe si geni: Wamarekani wawili walipewa hataza mwaka 1995 kwa njia ya kumpa paka mazoezi kwa mwanga wa leza, kana kwamba paka alikuwa akimngoja wakili.

Tahadhari ni mbili. Ya kwanza, taa isizidi miliwati 1, ikae juu ielekee sakafuni, na pembe za mota zifungwe ndani ya programu ili mwale usifike usoni pa mtu wala machoni pa paka mwenyewe. Ya pili ni kwamba nuru haishikiki: uchunguzi uliochapishwa katika jarida la Animals mwaka 2021 ulikuta kwamba paka wanaochezeshwa mno kwa leza aghalabu ndio wenye tabia za kurudiarudia, kama kufukuza vivuli, ingawa haukuthibitisha kwamba leza ndiyo sababu. Kwa hiyo chombo kifanye kazi dakika chache tu, na safari yake ya mwisho iishie daima juu ya kisahani kile kile, ambamo mwenye nyumba, kabla ya kutoka asubuhi, ameweka omena wawili watatu.