TUJUE KIPIMO CHA TUNACHONUNUA

Hakuna mama wa nyumba katika Visiwa hivi, awe wa Makunduchi au wa Micheweni, atakayekubali kupimiwa mchele kwa kibaba asichokiona. Atasimama mbele ya muuzaji, atakitazama kibaba, na akishuku kuwa kimebonyezwa chini atasema, na waliopo dukani watamsikiliza. Lakini mama huyo huyo, jioni hiyo hiyo, atatoa shilingi elfu moja kununua kifurushi cha simu, wala hataulizia kilichomo ni kiasi gani, kitadumu muda gani, na kile cha jana kilichobaki kimekwenda wapi. Wala si yeye peke yake. Sisi tunaoandika maneno haya, pamoja na wakubwa wa maofisi wanaoyasoma, tumo katika safu hiyo hiyo.

Itasemwa kwamba shilingi elfu moja ni kitu kidogo. Ni kweli, kwa siku moja. Wazee wetu walituambia kwamba haba na haba hujaza kibaba. Nasi hapana budi tukumbuke kwamba haba na haba ndiyo pia inayokimaliza. Elfu moja kila siku ni elfu thelathini kwa mwezi, na ni laki tatu na elfu sitini na tano kwa mwaka. Katika nyumba yenye watu wazima wanne wenye simu, na kila mmoja akanunua chake, kwa mwezi imekwisha laki moja na elfu ishirini. Nyumba nyingi zinajua kwa hakika zinatumia kiasi gani kwa umeme na kwa mkaa. Ni chache zinazojua zinatumia kiasi gani kwa mtandao.

Hatusemi haya ili kuwaambia wananchi waache simu. Simu si anasa tena. Mvuvi wa Mkokotoni hutazama hali ya hewa kabla ya kutweka tanga. Mkulima wa mwani wa Paje huulizia bei kabla ya kufunga gunia. Mwanafunzi wa kidato cha nne hutafuta masomo ambayo skuli yake haina kitabu chake. Na mzazi wa Wete humsikia mwanawe aliyeko Muscat kila Ijumaa. Twasema tu kwamba kitu chenye haja kubwa namna hii kinastahili kununuliwa kwa macho yaliyo wazi.

Kupima maneno kwa fedha si jambo geni kwetu. Waya wa simu za maandishi ulifika Unguja chini ya bahari mwaka 1879, na aliyetaka kupeleka khabari kwa njia ile alilipa kwa kuhesabiwa maneno. Kwa hivyo watu walijifunza kuandika kwa ufupi, kwani kila neno lilikuwa na bei. Baadaye likaja Shirika la Posta na Simu, na mtu akisubiri foleni ili azungumze na nduguye wa Bara aliingia kibandani na maneno yake tayari kichwani, kwa kuwa dakika zilikuwa zikihesabiwa. Watu wa zama zile hawakuwa na elimu kubwa kuliko sisi. Tofauti ni kwamba kipimo chao kilikuwa wazi, neno au dakika, na kila mmoja alikijua.

Kipimo cha leo kinaitwa MB, na MB elfu moja hivi hufanya GB moja. Tukijue kwa matumizi yake. Ujumbe wa maandishi hauli kitu cha kutajika. Mazungumzo ya sauti kwa njia ya WhatsApp hula kama nusu MB kwa dakika, kwa hivyo saa nzima ya maongezi ni kiasi cha MB thelathini. Mazungumzo ya kuonana sura hula mara nyingi zaidi ya hapo. Lakini mlaji mkubwa ni picha za video: saa moja ya picha ya kawaida huweza kumaliza nusu GB au zaidi, na ile ya picha safi kabisa huweza kufika GB tatu. Mwenye kuyajua haya ataona kwamba anayezungumza na jamaa zake tu ana haja ya kifurushi kidogo, na anayetazama mpira kila jioni hawezi kuponea kifurushi hicho hicho. Majirani wawili wenye kipato sawa wanaweza kuhitaji vifurushi viwili tofauti kabisa, na kila mmoja akawa amechagua kwa busara.

Baada ya kipimo, tutazame muda. Hapa ndipo wengi wetu tunapopoteza. Tuchukue mfano wa hesabu, ambao si bei ya kampuni yoyote. Kifurushi cha siku kinauzwa shilingi 1,000 kwa MB 500. Hiyo ni shilingi 2 kwa kila MB. Cha wiki kinauzwa shilingi 10,000 kwa GB 7. Hiyo ni kiasi cha shilingi 1 na senti 43 kwa kila MB. Kwa haraka tutasema cha wiki ni rahisi, na kwa mwenye kukimaliza ni rahisi kweli. Lakini asiyetumia zaidi ya GB 3 kwa wiki, muda ukimalizika na GB 4 zikapotea, amelipa shilingi 3 na senti 33 kwa kila MB aliyoitumia. Amenunua kikubwa ili apate nafuu, na mwisho wake amelipa zaidi kuliko yule wa siku. Kinyume chake pia ni kweli: anayenunua cha siku mara mbili kwa siku, kila siku, hana sababu ya kuendelea hivyo ila mazoea na kukosa fedha za mkupuo. Kanuni ni moja: tusihesabu bei ya kilichouzwa, tuhesabu bei ya kilichotumika.

Kwa ajili hiyo tunashauri jambo jepesi. Kwa muda wa mwezi mmoja tu, kila nyumba iandike katika daftari kila shilingi inayotoka kwa vocha na vifurushi, na jina la aliyeitoa. Simu nyingi za kisasa zina sehemu katika mipangilio yake inayoonyesha ni MB ngapi zimetumika kwa mwezi na ni programu gani iliyozila. Mwezi ukimalizika, watu wa nyumba wakae pamoja waitazame hesabu. Baadhi watagundua kwamba wanachotumia kinatosha kulipia mtandao mmoja wa nyumba nzima, uletwao kwa mkonga au kwa ruta yenye laini ya simu ndani yake, na watu wote wakautumia bila ya kuhesabiana. Wengine, kama mvuvi anayeshinda baharini na kurudi usiku, watagundua kwamba mtandao wa nyumba ungekuwa hasara kwao.

Anayeamua kuutia nyumbani na aulize mambo manne kabla ya kutia saini. Kwanza, kasi. Tangazo likisema megabiti kumi kwa sekunde, asidhani ni MB kumi; biti nane ndizo zinazofanya baiti moja, kwa hivyo ni MB moja na robo tu kwa sekunde, nayo inagawanywa kwa wote waliomo ndani. Pili, maana ya maneno "bila kikomo". Aghalabu kikomo kipo: ukifika kiasi fulani, mtandao haukatiki bali unapunguzwa kasi mpaka haufai kwa video. Tatu, gharama ya kifaa na ya kufungiwa, na kama kifaa ni mali yake au cha kurejeshwa. Nne, siku ya matatizo: nani atakuja, na kwa muda gani.

Hapo pana jambo ambalo sisi watu wa Visiwani tunalijua kwa uchungu. Umeme ulipokatika Unguja tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 tulijifunza kwamba kitu kinachopita chini ya bahari hukatika. Mei 2024 mikonga miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipopata hitilafu kusini mwa Afrika, mtandao ulizorota Tanzania na nchi jirani, na wenye biashara waliokuwa na njia moja tu walikaa wakisubiri. Ruta nayo bila ya umeme ni sanduku tupu. Kwa hivyo mwenye mtandao wa nyumbani asiitupe laini yake ya simu. Aiweke iwe akiba.

Ama kuhusu kampuni ipi ya kuchagua, jawabu halimo katika tangazo. Limo kwa jirani. Kifurushi cha bei nafuu cha mtandao usioshika Tumbatu ni ghali kwa mtu wa Tumbatu, hata kikitolewa bure. Aulize waliomzunguka, ajaribu kwa laini ya muda, ajaribu mchana na usiku. Na akitaka kuhama asizuiwe na hofu ya kupoteza namba inayojulikana na watu wote. Tangu Machi 2017 sheria za nchi hii zinamruhusu kuhamia kampuni nyengine na namba yake ile ile. Alipe kwanza madeni yake na amalize salio lake, kisha aende kwa wakala wa kule anakotaka kuhamia.

Tutaje pia matundu ya mtungi. Sisi wenyewe tuliwahi kununua kifurushi cha wiki usiku, tukalala, na asubuhi tukakikuta kimekwisha: simu ilikuwa ikijisasisha programu zake pasi na sisi kujua. Mipangilio ya simu ina mahali pa kuzuia hilo mpaka pawepo waifai, na pengine pa kuzuia video zisijicheze zenyewe. Kifurushi kikimalizika na salio la kawaida likawa lipo, mtandao unaweza kuendelea kulila salio hilo kwa bei ya juu zaidi. Na kukopa salio ni kununua kitu kile kile kwa bei iliyoongezwa ada. Anayekopa kila wiki amejipandishia bei kwa mkono wake.

Mpaka hapa tumesema na wananchi. Sasa tuseme na wenye dhamana.

Posta na simu ni katika mambo ya Muungano, na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 2003, ndiyo yenye kuzisimamia kampuni. Wananchi wanapopaza sauti husikilizwa. Tarehe 2 Aprili 2021, vifurushi vipya vilipoanza na watu wakalalamika kwamba bei zimepanda, Serikali ilivisitisha. Kanuni za mwaka ule zilitaka pia mtumiaji ajulishwe matumizi yake yanapofika asilimia 75 na yanapofika 100. Hizo ni kanuni njema. Lakini kanuni asiyoijua mwananchi ni sawa na kisima kilichofunikwa. Ni watu wangapi katika shehia zetu wanaojua kwamba mwenye malalamiko huanza kwa kampuni yake, na asiporidhika ana haki ya kuyapeleka kwa Mamlaka? Masheha wetu wangeweza kulitangaza hili katika mikutano yao kwa muda usiozidi robo saa.

Na lipo jambo moja lililo mikononi mwa maofisi yetu wenyewe. Kila siku huduma moja zaidi inahamia mtandaoni: maombi ya mkopo wa masomo, maombi ya kazi, malipo, vyeti. Ni maendeleo, na tunayaunga mkono. Lakini ofisi inapomwambia mwananchi wa Kojani "kajaze mtandaoni", imempunguzia nauli na imempa gharama nyengine. Fomu ikiwa nzito kwa mapicha yasiyo na kazi, au ikikatika katikati na kumtaka aanze upya, ni kifurushi chake kinachokwisha. Mtoto aliyekosa mkopo kwa sababu MB zake zilimalizika ukurasa wa mwisho hakushindwa masomo. Tunawaomba wakuu wa maofisi wafanye jaribio moja: wachukue simu ya bei ndogo, watie kifurushi cha shilingi elfu moja, waende nacho shamba, na wajaribu kuijaza fomu ya ofisi yao wenyewe. Watakalolikuta litawafundisha zaidi ya ripoti yoyote.

Biashara ya mtandao si ya haramu wala wanaoiuza si maadui. Wamejenga minara, na faida ni haki yao. Lakini biashara ya haki ina pande mbili: muuzaji anayeonyesha kipimo chake mchana kweupe, na mnunuzi anayekitazama. Upande wa kwanza tuwaachie wasimamizi waufanyie kazi bila ya kuchoka. Upande wa pili ni wetu, nao hauna gharama: ni daftari, kalamu, na mwezi mmoja wa subira.

Mama yule aliyekitazama kibaba cha mchele jioni, na akitazame na hiki.