Rwanda: Kisukari hakishindwi kwa mkono mmoja

MTOTO mwenye kisukari cha aina ya kwanza hawezi kuishi bila insulini. Mwili wake hauitengenezi ya kutosha, na asipochomwa sindano kila siku maisha yake huwa hatarini. Kwa familia ya mkulima wa Rwanda iliyo mbali na mji, kupata dawa hiyo ni mwanzo tu wa safari.

Insulini huhitaji kuhifadhiwa penye ubaridi, wakati nyumba nyingi za vijijini hazina jokofu. Zinahitajika pia sindano na mashine ya kupima sukari. Tena mzazi lazima ajue la kufanya sukari ya mwanawe ikishuka ghafla usiku. Kikikosekana kimoja, vingine havimwokoi mtoto.

Ndiyo maana nchini humo kazi hii imegawanywa. Chama cha Kisukari cha Rwanda, kilichoanzishwa mwaka 1997, huelimisha wagonjwa na familia zao. Kwa watoto na vijana, chama hicho kimeshirikiana na Life for a Child, mpango ulioanza mwaka 2000 kusaidia nchi zenye kipato kidogo kwa insulini na vifaa vya kupimia.

Vijijini, Inshuti Mu Buzima, kama linavyoitwa huko shirika la Partners In Health, ilianza kazi mwaka 2005 bega kwa bega na Wizara ya Afya. Kuanzia mwaka 2006 zilifunguliwa kliniki za magonjwa yasiyoambukiza katika hospitali za wilaya. Wanaoziendesha ni wauguzi waliopewa mafunzo, wakisimamiwa na madaktari. Hivyo mgonjwa akaanza kuhudumiwa karibu na kwao, badala ya kufunga safari hadi Kigali.

Utaratibu wa aina hiyo sasa unajulikana kama PEN-Plus. Agosti 2022, mawaziri wa afya wa Afrika waliokutana Lomé, Togo, chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), waliupitisha kuwa mkakati wa kanda.

Kinga nayo haikusahauliwa. Kisukari cha aina ya pili, ambacho huwapata zaidi watu wazima, mara nyingi kinaweza kuepukwa kwa chakula bora na mazoezi. Tangu mwaka 2016, Kigali imekuwa na siku ambazo barabara kadhaa hufungwa kwa magari, watu wakakimbia na kuendesha baiskeli, kisha wakapimwa sukari na shinikizo la damu bila malipo.

Hata hivyo, msaada wa insulini umelenga watoto na vijana. Kijana hukua, lakini kisukari chake hakiponi. Akivuka umri wa kusaidiwa, dawa yake itategemea bima ya afya, hospitali ya wilaya au mfuko wa familia.

Ushirikiano huo umewafikisha watoto wengi kwenye utu uzima. Kuwavusha hapo ni kazi ambayo hakuna shirika litakaloimaliza peke yake, iwe Rwanda au hapa kwetu.