Mabawa ya dindo: kwanza mafuta, kisha furu



Mabawa ya dindo yanauzwa sokoni magumu kama jiwe sababu ya baridi. Wengi wanayatupa mara moja katika mafuta sawa bawa la kuku. Inje inaungua, lakini karibu na mufupa damu ingaliko, na damu ile inaweza kukupa tumbo la kuharisha. Juu ya nini? Dindo ni ndege muzito, bawa lake ni nene, na mishipa myeupe inayofunga nyama inalainika polepole tu.

Basi acha baridi itoke katika maji baridi, nyama ikiwa ndani ya mufuko uliofungwa, hapana juani. Kata kwa viungo. Pika na chumvi, kitunguu na tangawizi, maji kidogo, moto mudogo, karibu saa moja. Maji yale usimwage, ni supu.

Kisha pangusa kila kipande mpaka kikauke kabisa. Tone la maji likiingia katika mafuta ya moto linageuka mvuke mara moja, linapanuka zaidi ya mara 1,000, na kurusha mafuta usoni mwa mupishi. Kaanga mpaka ngozi iwe nyekundu, toa.

Sasa pilipili. Ukiitia mbele ya kukaanga inaungua, inakuwa chungu, na nyumba yote inakohoa. Twanga na saumu, chumvi na ndimu, paka nyuma ya mafuta. (Ukali wake hauyeyuki vizuri katika maji, kinywa kikiwaka, kunywa maziwa ao kula bukari.)

Furu hatuna wengi wetu. Twaa sufuria kubwa, tia muchanga mukavu chini, weka sahani ya chuma juu ya mawe matatu, panga nyama, funika, na makala juu ya kifuniko pia. Dakika 20 zinatosha. Mbabula ikae inje: makala katika nyumba iliyofungwa inatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo inaua watu wakilala.

Jina dindo ni la Kifaransa, maana yake kuku wa India, ijapokuwa ndege huyu alitoka Amerika. Wazungu wa zamani waliita kule pia India.

Kipande chenye nyama mingi ni cha mugeni. Ncha, ngozi tupu inayolia menoni, zinabaki kwa mupishi, na hapo hatalalamika.