Kwa nini mteja wa intaneti ya kebo Marekani hana pa kuhamia?

Ukichoka na mtandao wako wa simu hapa kwetu, unasajili laini nyingine kwa wakala, mambo yanaendelea. Marekani, kwa intaneti ya kebo ya nyumbani, mara nyingi waya unaoingia mtaani ni wa kampuni moja tu. Ikipandisha bei, unalipa, au unahangaika kutafuta intaneti ya aina nyingine.

Hali hii imetokana na ubishi wa zaidi ya miaka 20: kisheria, huduma hii iitweje?

Tuanze na waya wenyewe. Ulitandazwa kwa ajili ya televisheni. Intaneti ikaja kuudandia miaka ya 1990. Faiba inaishia kwenye kisanduku cha mtaa, halafu kutoka hapo waya mnene kama ule wa antena ya TV unagawanywa kwa nyumba nyingi, hata mamia. Ndiyo maana jioni, majirani wote wakiwa kwenye filamu, kasi inashuka. Na kupakia video kunachukua muda kuliko kupakua, kwa sababu sehemu kubwa ya waya imetengewa kinachokuja kwako. Urithi wa TV huo.

Kutandaza waya wa pili ni gharama. Kampuni ndogo zikaomba zipite kwenye uliopo, kwa kulipia. Kampuni za simu zilikuwa zikibanwa kuruhusu hivyo. Za kebo je?

Mwaka 2002, FCC, yaani mamlaka ya mawasiliano ya huko (kama TCRA kwa Tanzania), iliamua kuwa intaneti ya kebo ni “huduma ya habari”. Ingeitwa “huduma ya mawasiliano”, mwenye waya angetakiwa kuhudumia kila anayeomba, kwa bei ya haki na bila ubaguzi. Kwa jina la “habari”, akawa huru.

Kampuni ndogo ya California, Brand X, ilipinga. Juni 27, 2005, Mahakama ya Juu iliipa FCC ushindi kwa kura 6 dhidi ya 3. Jaji Antonin Scalia, mmoja wa waliokataa, alitoa mfano wa pizza: mgahawa unaokuletea pizza hadi mlangoni hauwezi kudai haufanyi delivery eti kwa sababu unapika pia. Mimi pizza ile ilinishawishi kuliko hukumu yenyewe. Mwaka huohuo FCC ikaziachia na kampuni za simu.

Uingereza walikwenda njia nyingine. Nyaya za simu za BT zilifunguliwa, na kampuni kama Sky na TalkTalk zinauza intaneti kupitia humohumo.

Marekani jina limegeuzwa kila chama kinapobadilishana madaraka: 2015 mawasiliano, 2017 habari, 2024 mawasiliano tena. Safari hizi ugomvi ulikuwa zaidi kuhusu kampuni kuzuia au kupunguza kasi ya baadhi ya tovuti. Kugawana waya hakukurudishwa hata 2015. Januari 2, 2025, mahakama ya rufaa ikafuta uamuzi wa 2024. Tumerudi kwenye habari.

Sasa majimbo yanajitungia sheria. New York inazitaka kampuni za intaneti ziwe na kifurushi cha dola 15 kwa mwezi kwa kaya za kipato cha chini, na sheria hiyo ilianza kutumika Januari 2025. Kama una ndugu huko, mwambie aulizie.