Hercule Poirot: mpelelezi mkimbizi na swali la haki ambalo Bukavu inalijua

Imepita zaidi ya miaka kumi tangu televisheni ya Uingereza ionyeshe sehemu ya mwisho ya filamu za Hercule Poirot, lakini mzee huyo mfupi mwenye masharubu yaliyosokotwa bado hajasahaulika. Kwa wakaaji wa Bukavu waliokua wakitazama chaneli za Kifaransa kwa antena ya satelaiti, au kwa diski zilizopita kutoka nyumba hadi nyumba, mlio wa saksofoni unaofungua kila sehemu unatosha kuwarudisha sebuleni kwa wazazi wao.

Si filamu ya mabunduki. Hakuna magari yanayolipuka, na anayekimbia sana ni rafiki yake Hastings. Mtu mmoja anauawa, watu wanane au kumi wanashukiwa, na mgeni mmoja kutoka Ubelgiji anauliza maswali kwa adabu hadi uongo unachoka. Katika mji ambako siku hizi mtuhumiwa anaweza kuhukumiwa barabarani ndani ya dakika tano, uvumilivu huo una maana yake.

Miaka 25, sehemu 70

Sehemu ya kwanza ilionyeshwa Uingereza tarehe 8 Januari 1989 kwenye chaneli ya ITV. Ya mwisho ilitoka tarehe 13 Novemba 2013. Katika miaka hiyo yote mwigizaji hakubadilishwa: David Suchet, aliyezaliwa London mwaka 1946, aliigiza Poirot katika sehemu zote 70, na karibu kila hadithi ya Agatha Christie yenye mpelelezi huyo ikapata filamu yake.

Suchet aliifanya kazi hiyo kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Alisoma vitabu vyote, akaandika orodha ya tabia za Poirot: anatia sukari ngapi katika kinywaji, anatembeaje, anachukia nini. Akasikiliza redio za Wabelgiji ili apate lafudhi yao, isiwe ya Paris. Ndiyo maana Poirot wake hachekeshi kwa bahati mbaya. Anapopangusa vumbi kwenye kiti kabla ya kukaa, au anapokataa mayai yasiyolingana ukubwa, mtazamaji anacheka, lakini anajua pia kwamba jicho hilohilo ndilo litakaloona kitu ambacho polisi hawakukiona.

Pembeni yake walikuwepo watu watatu waliopendwa karibu kama yeye: Kapteni Hastings (Hugh Fraser), mwaminifu na mwepesi wa kudanganywa na sura nzuri, inspekta Japp wa polisi ya London (Philip Jackson), na karani Miss Lemon (Pauline Moran), ambaye faili zake hazijawahi kupotea. Kwa watazamaji wa Kifaransa kulikuwa na mtu wa tano asiyeonekana, Roger Carel, aliyempa Poirot sauti ya Kifaransa. Ni yeye pia aliyekuwa sauti ya Astérix katika filamu za katuni. Carel alifariki mwaka 2020, na wapo wanaosema kwamba Poirot bila sauti hiyo si Poirot kamili.

Alifika Uingereza akiwa mkimbizi

Wengi wanasahau jambo moja: Poirot hakwenda Uingereza kutalii. Alikuwa polisi mashuhuri huko Brussels. Mwaka 1914 Wajerumani walipovamia Ubelgiji, alikimbia kama Wabelgiji wapatao 250,000 waliopokelewa Uingereza katika vita hivyo. Agatha Christie, aliyezaliwa Torquay mwaka 1890, aliwaona wakimbizi hao katika mji wake. Alipotafuta mpelelezi wa kitabu chake cha kwanza, akajiuliza: kwa nini asiwe mmoja wao? Kitabu hicho kilitolewa mwaka 1920. Filamu yake ilitolewa mwaka 1990, miaka 100 baada ya mwandishi kuzaliwa, na ndani yake tunamwona Poirot akiishi na Wabelgiji wenzake katika nyumba ya kijijini kwa ukarimu wa mama mmoja tajiri. Mama huyo ndiye anayeuawa. Kwa hiyo kesi ya kwanza ya Poirot huko ugenini ni deni la shukrani: mkimbizi anamtafutia haki mtu aliyempa paa.

Msomaji wa Kivu Kusini hahitaji kuelezwa hali hiyo. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma nchini Tanzania, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliovuka Ziwa Tanganyika kutoka upande huu. Wengine wako Nakivale nchini Uganda, wengine Nairobi, wengine Marekani. Kati yao wamo walimu wasiofundisha tena, wauguzi ambao diploma zao hazitambuliwi, na polisi wa zamani wanaolinda mageti ya watu. Poirot alikuwa hivyo: mtu aliyekuwa na cheo kwao, akafika mahali ambapo hakuna aliyekijua.

Waingereza katika filamu hizi wanamcheka. Wanakosea jina lake. Wanamwita Mfaransa, naye kila mara anasahihisha kwamba yeye ni Mbelgiji. Katika toleo la Kifaransa mzaha huo unapungua, kwa sababu kila mtu anazungumza kama yeye. Bali Mkongomani aliyeishi Kampala au Nairobi, akaulizwa katoka wapi kabla ya kumaliza sentensi yake ya kwanza, akitazama toleo la Kiingereza anausikia ugeni huo vizuri. Poirot anautumia kama chombo cha kazi. Watu wakimdharau kwa lafudhi yake, wanasema mbele yake mambo wasiyoweza kuyasema mbele ya polisi wao.

Nyumba zinazofanana na za Bukavu

Kuna kitu kingine kinachomfanya mkaaji wa Bukavu ajisikie nyumbani. Filamu nyingi za Poirot zimewekwa katika miaka ya 1930, na watengenezaji walichagua majengo ya mtindo wa Art Déco: kuta nyeupe, kona za mviringo, madirisha marefu yaliyopangwa kwa mstari. Jengo analokaa Poirot ni jengo la kweli, Florin Court, lililoko katikati ya London.

Mtindo huohuo uko Bukavu. Mji ulipokuwa ukiitwa Costermansville, Wabelgiji walijenga majumba na maduka ya aina hiyo kwenye rasi zinazoingia Ziwa Kivu na kwenye barabara kuu ambayo leo inabeba jina la Patrice Emery Lumumba. Mengi yamechakaa, mengine yamebomolewa, lakini anayepita Nyawera akainua macho juu ya vibao vya maduka bado atayaona.

Hapo ndipo filamu hizi zinanyamaza. Mwaka 1916, wakati Poirot wa vitabuni alipokuwa mkimbizi katika kijiji cha Uingereza, askari Wakongomani wa Force Publique waliingia Tabora wakipigania bendera ya Ubelgiji, na maelfu kwa maelfu ya wapagazi waliwabebea mizigo. Wengi hawakurudi. Ubelgiji ya Poirot ni nchi ndogo iliyoonewa, yenye chokoleti nzuri na watawa wapole. Mtazamaji wa Kongo anajua kwamba nchi hiyohiyo ilikuwa na uso mwingine huku. Kuipenda filamu hakumlazimu kusahau hilo.

Mpishi naye ni mtu

Pamoja na hayo, sehemu ya kwanza kabisa, ile ya mwaka 1989, inaanza na kesi ambayo wakubwa wangeicheka. Mama mmoja wa Clapham anamwomba Poirot amtafute mpishi wake aliyepotea. Poirot anaona aibu, kwa kuwa yeye ni mtu wa kesi kubwa. Yule mama anamjibu kwa ukali kwamba kwake yeye kupotelewa na mpishi mzuri ni jambo kubwa, kama vile bibi mwingine kupotelewa na lulu. Poirot anakubali kwamba kakosea, anachukua kazi, na nyuma ya safari ya mpishi huyo anagundua wizi wa benki na mauaji.

Bwana wa nyumba anapomfukuza kwa cheki ya gini moja tu, Poirot haichani. Anaitundika ukutani, imkumbushe asidharau jambo kwa sababu linamhusu mtu mdogo. Katika mji ambako msichana wa kazi au mlinzi wa usiku anaweza kutoweka bila mtu kuuliza, funzo hilo halijazeeka.

Watu kumi na wawili na kisu kimoja

Lakini filamu ambayo Bukavu ingepaswa kuitazama leo ni ile ya mwaka 2010, kuhusu mauaji ndani ya treni ya Orient Express. Hadithi yake inajulikana duniani kote, kwa hiyo kuisimulia si kumwibia mtu utamu. Tajiri mmoja anakutwa amekufa kwa kuchomwa kisu mara nyingi. Poirot anagundua kwamba alikuwa mhalifu aliyeteka na kuua mtoto mdogo, kisha akaiponyoka mahakama kwa nguvu ya pesa na ya watu aliowajua. Waliomuua ni abiria kumi na wawili, wote waliojeruhiwa na kifo cha mtoto yule. Kila mmoja alichoma.

Katika filamu za zamani za hadithi hii, mwisho ni karibu wa furaha. Suchet alikataa. Poirot wake anawakasirikia abiria wale hadi anatetemeka. Anawaambia kwamba sheria ikianguka, kazi ya watu ni kuiinua, maana ikiachwa chini hakuna atakayebaki na kinga. Wao wanamjibu kwa swali ambalo kila mtu wa Kadutu, Panzi au Bagira amelisikia: na kama mahakama imeshamwachilia?

Hilo ndilo neno lenyewe la wanaotetea kile ambacho wakaaji wa mji wanaita justice populaire. Mwizi akikamatwa, wanasema, polisi watamwachilia baada ya siku mbili, na usiku wa tatu atarudi kwako na panga. Tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23 na wafungwa wakatoroka gereza kuu, visa vya washukiwa kupigwa au kuchomwa moto vimeripotiwa mara nyingi. Hofu ya raia ni ya kweli. Na ni kweli pia kwamba jiwe likisharushwa hakuna anayeuliza kama aliyeshikwa ndiye mwenyewe.

Filamu haimdanganyi mtazamaji kwamba jibu ni rahisi. Mwishoni Poirot anawaficha abiria wale na kuwapa polisi hadithi ya uongo. Anaondoka ndani ya theluji akiishika rozari yake, machozi machoni. Anajua aliyeuawa hakuwa mwema, na anajua pia kwamba yeye mwenyewe amevunja kitu. Miaka mitatu baadaye, katika sehemu ya mwisho, swali hilo linamrudia kwa ukali zaidi, na safari hii ni mkono wake mwenyewe unaojaribiwa.

Tofauti moja lakini haifichiki. Wale kumi na wawili walimjua waliyemuua, na Poirot naye alichunguza hadi akahakikisha. Kundi la barabarani halina muda huo. Linasikia kelele ya mwizi, linakimbia. Kama Poirot angefuata kelele ya kwanza, karibu katika kila moja ya sehemu zile 70 angenyongwa mtu asiye na kosa, kwa sababu anayeshukiwa dakika kumi za mwanzo mara nyingi siye.

Kwa anayetaka kuanza, au kuanza tena, sehemu tatu zinatosha: ile ya mpishi wa Clapham ya mwaka 1989, ile ya boksi la chokoleti ya mwaka 1993, inayomrudisha Poirot Ubelgiji akiwa kijana, na ile ya treni ya mwaka 2010. Zitazamwe kwa mpangilio huo, pamoja na vijana wa nyumbani, na kabla Poirot hajawakusanya watu sebuleni, kila mmoja aseme nani anadhani ni muuaji. Wengi watakosea, na maongezi ya baada ya filamu yaanzie hapo.